Usukani Uliong'aa Upande Mmoja

Juzi nilipita kwenye gereji moja hapa Busia nikamwona kijana aking'oa usukani wa landrova kuukuu kwa nyundo. Nyundo! Anaigonga shafti kwa juu kama mtu anayepigilia msumari wa mwisho wa jeneza, na kila pigo linashuka mpaka ndani ya boksi ya stelingi, kwenye zile gololi ndogo ambazo hazijamkosea mtu yeyote. Nilitaka kusema neno. Nikalimeza, kwa sababu mwenzake aliyesimama kando aliniona, akacheka, akasema, "Angalieni, Mzee Sadini amekuja kukagua."

Basi hata nyinyi mafundi vijana mnalijua hilo jina. Mmelipata kwa baba zenu, nao walilipata sokoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza lilitoka wapi. Mnadhani nilipenda sana sadini za mkebe. Sizipendi. Harufu yake tu inanitosha. Leo nitawaambia, na kwa kuwa mtakuwa mmetulia, nitawafundisha pia kubadilisha usukani, maana naona aliyewafundisha alikuwa na haraka.

Tuanze na nati ya katikati. Ukishailegeza, usiitoe. Iache ishike mizunguko miwili au mitatu ya thredi. Kisha kaa kwenye kiti, sukuma kwa magoti kutoka chini, vuta kwa mikono, tikisa kushoto na kulia, polepole, kama mtu anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu bila kuuvunja. Utakataa. Utakataa tena. Halafu, wakati umeshaanza kumtukana aliyeutengeneza, utaachia ghafla, na hapo utaishukuru ile nati, kwa sababu bila hiyo usukani wote ungekuja usoni. Jino langu hili la mbele lililopinda mnaliona? Hilo ni siku niliyoitoa nati mapema.

Lakini nimeruka. Kabla ya nati kuna alama. Nyoosha magurudumu ya mbele, chukua kitu chenye ncha, weka nukta moja kwenye shafti na nyingine kwenye kitovu cha usukani, zitazamane. Nukta mbili. Kazi ya kupepesa jicho. Najua watu waliofanya kazi hii miaka thelathini na hawakuwahi kuziweka, na magari yao yakatembea barabarani yamepinda usukani kama mtu aliyelala vibaya shingo.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Makokha, mtu wa Bukhayo, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Gereji yake ilikuwa uwanja tu wenye ukuta wa mabati pande tatu, nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabara ya kwenda mpakani. Alikuwa na tabia moja iliyotuchosha sana. Gari likiingia, hakufungua boneti. Aliingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akaweka mikono kwenye usukani na miguu kwenye pedeli, akakaa. Dakika tano. Wakati mwingine kumi. Injini imezimwa, mwenye gari amesimama kwenye jua, na sisi tunakonyezana.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, unasikiliza nini na injini imelala?"

"Nasalimia dereva."

"Dereva si huyo amesimama nje?"

"Huyo wa nje anaongea na mdomo," akasema. "Wewe fagia."

Nilifagia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, na nilikuwa na hakika kwamba mzee ameanza kuchoka akili.

Sasa, Haji Twahir. Haji alikuwa mfanyabiashara wa mjini mwenye duka la nguo na landrova moja iliyobeba samaki kutoka Osieko. Ngege na omena walitoka ziwani asubuhi, wakapita Budalang'i kama maji ya mto yaliwaruhusu, wakafika Busia wakiwa bado wanafanana na samaki. Haji mwenyewe hakuendesha hata baiskeli. Alikaa kushoto, kiwiko nje ya dirisha, kofia nyeupe, akipokea salamu za mji. Aliyeendesha ni Emuria, mtu wa kabila la Wateso kule Amukura, mtu mzima wa maneno machache ambaye sote tulimwita Papa, yaani baba kwa lugha yao. Alikuwa ameikalia ile landrova miaka kumi. Aliyemjua alijua pia tabia yake ya kusimama: mkono wa kulia unafanya kila kitu, wa kushoto umekaa mfukoni, kama tajiri.

Siku moja Makokha alikuwa ameenda matanga nyumbani. Haji akaja na landrova, akashuka na kitu kimefungwa kwenye shuka.

"Mzee wako yuko wapi?"

"Yuko matanga, Haji. Atarudi kesho kutwa."

"Basi ni wewe. Tazama uzuri."

Akafunua. Ulikuwa usukani mdogo kama sinia ya chai, umevishwa ngozi nyeusi, wenye mikono mitatu ya chuma kinachong'aa iliyotobolewa matundu. Aliununua Malaba kwa mtu aliyevuka nao mpaka ndani ya gunia la maharagwe, na Malaba ya siku zile haikuwa mahali pa kuuliza maswali zaidi ya hapo. Kulikuwa na arusi Mumias mwezi uliofuata. Haji alitaka watu wakichungulia dirishani waone kitu.

Emuria aliutazama kwa muda. "Haji, hii ya zamani iko na makosa gani?"

"Makosa yake ni uzee."

"Hata mimi niko mzee."

"Ndiyo sababu nakushauri usiongee sana," Haji akasema, na sote tukacheka, hata yeye Haji, lakini aliendelea wakati sisi tumeshanyamaza. "Kuna kijana kule Mumias, mpwa wa mke wangu. Kila wiki ananiuliza kama hiki kiti kiko wazi. Namwambia ngoja. Papa, usinifanye nichoke kumwambia ngoja."

Haji alipoondoka, Emuria akanisogelea.

"Boss, sema tu haiingii."

"Na kama inaingia?"

"Sema tu. Wewe ndio fundi. Atakuamini."

Nilimcheka. Ndiyo, nilimcheka mtu wa umri wa baba yangu. "Papa, umevuka maji ya Budalang'i mara ngapi, leo unaogopa usukani?"

Alienda akakaa kwenye kivuli cha mabati, mkono mfukoni.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao nimeubeba kama jina. Usukani wa kununua huja na kitovu chake, kile kipande cha katikati chenye meno ya ndani yanayoumana na meno ya shafti. Meno ya kitovu kile yalikuwa ya gari jingine. Yaliingia, lakini yalicheza. Fundi mwenye akili angesema, "Haji, haiingii," na angekuwa amesema ukweli na kutimiza ombi la Emuria kwa pumzi moja. Lakini fundi mwenye akili alikuwa matanga. Mimi nilikwenda dukani nikanunua mkebe wa sadini, nikampa paka samaki, nikakata ukanda wa bati, nikauzungusha kwenye shafti, nikapachika kitovu juu yake, nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hapakuwa na mchezo tena. Niliutikisa, ukatulia. Ule wa zamani, mkubwa, mweusi, uliopasuka pasuka, niliutupa kwenye rundo la vyuma nyuma ya ukuta. Nikajisifu mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata Emuria aliingia gereji kwa miguu. Kwapani, upande wa kulia, alikuwa amebana ule usukani mdogo.

"Boss, shika mali yako."

Nikauliza, "Gari iko wapi?"

"Iko kwa mtaro, pale kwa petroli. Ilienda kushoto. Mimi na hii tukaenda kulia."

"Umeumia?"

"Mimi? Mimi niliumia zamani."

Vijana wa gereji walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Haji anajua?"

"Nimemwambia ni pancha."

Nikashusha pumzi. Hata asante sikusema. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyenusurika kufa kwa kazi yangu, na ambaye nilimcheka jana yake, anadanganya kwa ajili yangu. Nilifurahi tu kwamba amedanganya. Tukaenda kuivuta landrova.

Makokha aliporudi, aliukuta ule ukanda wa bati kwenye meza. Aliuinua kwa vidole viwili. Bado ulikuwa na picha ya nusu ya samaki.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kubana, mzee."

"Ya kubana nini?"

"Meno yalikuwa yanacheza."

"Meno yanacheza, kwa hiyo umeyapa samaki yatafune." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Weka kwa mfuko. Usitupe. Siku ukijiona fundi, toa uangalie."

Nikauweka. Yeye akavaa koti lake, akaenda kwa Haji kumwambia kwamba usukani mdogo utafanya stelingi iwe nzito, kwamba gari la namna ile limepewa usukani mkubwa kwa sababu, si kwa urembo. Alirudi midomo imefungwa. Haji alikuwa amemjibu, "Uzito ni wa dereva, Mzee Makokha. Mimi naketi kushoto."

"Basi itawekwa," Makokha akaniambia. "Lakini itawekwa kama watu. Nenda Malaba. Nyuma ya nyumba za wageni kuna maiti ya landrova. Niletee kitovu cha usukani wake; ule mkubwa wa Haji haukatwi. Tutakata mikono yake, tuchomelee bamba, tutoboe matundu sita ya kufungia ule mdogo. Kitovu. Usiniletee mkebe."

Nilipanda lori la mahindi hadi Malaba. Maiti ya landrova niliikuta imezama nyasi mpaka kwenye madigadi, haina injini, haina boneti, haina mlango mmoja, lakini usukani upo. Nilifurahi kwa muda wa hatua nne. Kwenye kiti cha dereva alikuwa amelala kuku.

Mwenye kuku alikuwa mama mmoja Mganda, muuza ndizi aliyezoea kuvuka mpaka, naye alinikuta nikimpungia kuku yule mkono.

"Ssebo! Unataka nini na kuku wangu?"

"Simtaki kuku, mama. Nataka usukani."

"Kuku amelalia mayai kumi na mawili. Huwezi fungua nyumba yake."

"Mama, ni nati moja tu."

"Rudi baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Mama, kuna gari imesimama Busia!"

"Banange! Na mimi kuku wangu amekaa. Gari yako ikisimama inaharibika? Mayai yanaharibika."

Mnicheke tu. Nilijadiliana na mama yule kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana. Mwisho alikubali nifanye kazi, ila kuku asiguswe, asifukuzwe, asipigiwe kelele. Kwa hiyo nilifungua nati ile nikiwa nimesimama nje ya mlango usiokuwepo, nimeinama juu ya kuku, bila nyundo, bila kutukana. Kila nilipotikisa usukani, alinidonoa mkono. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ni kuku yule aliyenifundisha kutoa usukani bila fujo. Makokha alikuwa ameniambia mara mia. Lakini Makokha hakuwa na mdomo wenye ncha.

Tulikata, tukachomelea, tukatoboa. Na hapa shikeni kalamu. Usiamini macho yako kwamba magurudumu yamenyooka. Funga kitambaa juu ya usukani, zungusha hadi mwisho wa kushoto, halafu hesabu mizunguko yote mpaka mwisho wa kulia. Gawa kwa mbili. Rudi nusu hiyo. Hapo ndipo katikati ya boksi yenyewe, na hapo ndipo usukani mpya unapovaliwa, umenyooka. Kama magurudumu yamekataa kunyooka, rekebisha fimbo za chini. Usiusogeze usukani meno mawili ili kuficha. Kumbuka waya wa honi. Kumbuka kile kigurudumu cha mpira cha indiketa kinachosugua kitovu, la sivyo dereva atatembea anawapigia watu indiketa mpaka Kisumu. Na baada ya siku tatu, kaza nati tena. Tatu. Si "nitapita siku moja".

Ilikuwa kazi safi. Nilijivunia kuliko ile ya mkebe, na ilikuwa haki yangu. Haji alikuja kuiona Jumatano mchana. Makokha alikuwa ameenda kununua oksijeni ya kuchomelea. Haji alisimama kando na mwenzake mmoja wa duka jirani, mikono nyuma, akasema, "Papa, hebu izungushe hapa uwanjani."

Emuria akapanda. Akawasha. Akajaribu kukata kona kuelekea lango. Landrova ikiwa imesimama au inatambaa ni kama ng'ombe aliyekataa kuvuka maji, na usukani mkubwa ndiyo kamba ndefu ya kumvutia. Sasa kamba ilikuwa imekatwa nusu. Nilimwona akivuta kwa mkono wa kulia, akivuta, jasho likimtoka kwenye paji la uso, wa kushoto umelala kwenye gia. Usukani ukasogea kidogo, ukakwama. Akashusha bega la kulia, akavuta kwa mwili wote. Gari likagusa ukuta wa mabati, likalia mlio wa aibu.

Mwenzake Haji akacheka. Haji hakucheka. Alinigeukia.

"Fundi. Ni gari, au ni dereva?"

Nimezeeka nikiyarudia maneno mawili hayo ya kuchagua. Nilikuwa na kazi yangu safi mbele yangu. Kitovu kimekaa, meno yameumana, nimedonolewa na kuku kwa ajili yake. Sikutaka mtu aseme kazi yangu ni mbaya.

"Gari haina neno, Haji," nikasema. "Dereva ndiye hana nguvu."

Emuria alisikia. Dirisha lilikuwa wazi. Alizima injini, akashuka, akarudisha mkono wake mfukoni, na hakunitazama.

"Ijumaa kuna mzigo Osieko," Haji akamwambia. "Nitamwita yule kijana wa Mumias aje aketi kando yako. Ukishindwa njiani, mtabadilishana viti. Na mkishabadilishana, Papa, itakuwa imekwisha."

Makokha aliporudi, vijana walimweleza kabla hajaweka mtungi chini. Alizunguka nyuma ya ukuta, nikasikia vyuma vikigongana, akarudi na ule usukani wa zamani niliokuwa nimeutupa. Akaniwekea magotini.

"Soma."

"Nisome nini, mzee? Umepasuka."

"Paguse. Upande wa mlango, halafu upande wa gia."

Niliuzungusha mpaka mikono yake ikakaa vile inavyokaa garini. Nikapitisha kiganja. Upande wa kulia, ule wa mlango, ulikuwa umelika. Mabonde madogo ya vidole yaliyochongwa kiwandani yalikuwa yamefutika kabisa, plastiki imekuwa nyembamba, laini, inang'aa kama kokoto la mtoni. Nikahamisha mkono kushoto. Mabonde yote yalikuwapo, makali, yamejaa vumbi, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupashika.

"Mkono wa kushoto wake uliishia Budalang'i," Makokha akasema. "Yale mafuriko ya miaka ile. Gari ilikuwa inateleza, watu wanasukuma, akashuka akaweka bega. Ikarudi nyuma, ikambana na nguzo. Alipona kwa mganga wa mifupa, akamwambia Haji ilikuwa malaria. Ule mkono unafika kwa gia. Kupanda juu kufika kwa stelingi, haupandi."

"Alikwambia yeye?"

"Mimi sijawahi kumuuliza. Ya mafuriko nilisikia kwa waliosukuma; ya mkono, nilikaa kwa kiti chake." Akaugusa usukani magotini mwangu. "Pedeli zinasema nani ana goti. Kiti kinasema nani ana mgongo. Fundi anajua ugonjwa wa dereva kabla ya ugonjwa wa gari. Akijua, anainua kiti, anapaka grisi, ananyamaza. Hiyo si habari ya mwenye gari."

Nilitaka kusema kwamba sikujua. Ilikuwa kweli, na haikusaidia.

"Na wewe," akasema, "usukani wako ulipomng'okea mkononi, nani alimwambia Haji ni pancha?"

Mtaniuliza kama ilikuwa sawa mtu wa mkono mmoja kuendesha watu na samaki kwenye barabara ile. Niulizeni. Hata mimi nimejiuliza, na kuna siku najibu hivi na siku najibu vile. Ninachojua ni kwamba kwa usukani ule mkubwa alikuwa amevuka mafuriko misimu miwili bila kukwaruza hata madigadi, na kwamba aliyemletea ukuta wa mabati alikuwa mimi na ule usukani wa sinia.

Sikulala vizuri, lakini hiyo si hadithi. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Haji alizoea kukaa barazani pa duka lake na watu wanne watano, wakinywa kahawa. Nilienda. Nilisimama kwenye ngazi. Mkononi nilikuwa nimeshika ule usukani wa zamani, na mfukoni nilikuwa na kile kitu.

"Haji, nimekuja kusema kosa."

"La nani?"

"Langu. Jana uliniuliza ni gari au ni dereva. Nilidanganya. Ni kazi yangu."

"Mzee wako amesema kazi ni safi."

"Mzee wangu ananifichia." Nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa ule ukanda wa bati, nikauweka kwenye meza ya kahawa, katikati ya vikombe. "Hiki ndicho nilichofungia usukani wako mara ya kwanza. Ulimng'okea Papa mkononi pale kwa petroli. Hakukuwa na pancha. Alinifichia nisifukuzwe. Na hata sasa, usukani huu si wa gari hili. Mtu yeyote utakayemweka pale atagusa ukuta. Lete mwenye mikono mitatu, atagusa ukuta."

Haji aliuinua ukanda. Akaugeuza. Akaona nusu ya samaki.

Halafu yule mwenzake wa duka jirani akauliza, "Haji, hiyo si sadini?"

"Mimi nauza samaki," Haji akasema polepole, "na huyu ananifungia gari kwa mkebe wa samaki."

Baraza lilipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alimwaga kahawa. Haji mwenyewe hakucheka kwanza. Alinitazama kwa hasira ya kweli, ile ya mtu anayehesabu ni mara ngapi angekuwa amekaa kushoto siku usukani unatoka. Kisha kicheko cha wenzake kikamshinda. Aliponyamaza, alisema, "Rudisha ule mkubwa. Aurudishe Makokha kwa mkono wake. Wewe usiguse gari yangu tena. Umesikia, Sadini?"

"Nimesikia, Haji."

"Na yule kijana wa Mumias mtamwambia nini?" mmoja akauliza.

"Angoje," Haji akasema.

Jina lilifika sokoni kabla sijafika gereji. Naapa. Mama muuza nyanya aliniita nalo nikiwa bado barabarani. Kwa zaidi ya mwaka hakuna mwenye gari aliyekubali nimshikie usukani. Nilishika taa, nilipokeza spana, niliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Ilinikera kila siku, na bado inanikera, kwa sababu kitovu kile cha Malaba kilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya mpaka siku hiyo, na ndiyo niliyoikana mbele ya watu.

Siku Makokha alipourudisha ule usukani mkubwa, mimi nilimpokeza spana. Aliweka upande uliolika pale pale kwenye mlango. Alikaza nati, akakaa kwenye kiti, akafumba macho dakika zake tano. Hakuna aliyekonyeza.

Emuria hakuniambia neno. Wiki zilipita. Halafu asubuhi moja alileta landrova kupakwa grisi, akashuka, akanijia nilipokuwa nimechuchumaa na beseni la mafuta. Nilisimama, nikafuta kiganja cha kulia kwenye suruali ili nimsalimie.

Hakutoa mkono wa kulia. Alitoa wa kushoto mfukoni. Kwetu, kwao, kila mahali ninapopajua, anayekupa mkono wa kushoto anakutukana, na vijana wote wa gereji waliacha kazi kusubiri ugomvi. Mkono ulipanda polepole, ukitetemeka, mwembamba kuliko mwenzake, mpaka usawa wa kiuno. Ukaishia hapo. Akauacha hapo, mbele yangu, nje, kwenye jua.

"Sadini," akasema. "Habari ya kazi?"

Niliinama nikaufuata ulipo, nikaushika kwa mikono yangu miwili.

"Nzuri, Papa," nikasema. "Gari haina neno. Dereva je?"

"Dereva yuko," akasema.